Shahidi wa Siku Mbili: Maadili ya Kutazama na Kula Ugenini

Swali la kama safari humwongezea mtu ujuzi au humwondolea tu nguvu na fedha ni la kale, na hekima ya Waswahili imelipa majibu mawili yasiyopatana kwa urahisi, kwani upande mmoja watu huhimizana kwamba tembea uone, na upande mwingine huonyana kwamba mtembezi hula miguu yake. Kila kauli ina kweli yake, lakini hakuna hata moja inayoeleza ni wakati gani kutembea huwa kuona na ni wakati gani huwa kujila miguu. Insha hii inalifuata swali hilo kupitia aina moja ya safari ambayo imezoeleka mno katika zama hizi hata ikaonekana haihitaji kufikiriwa, nayo ni matembezi mafupi ya mwanafunzi anayekwenda katika mji wa Ulaya kwa siku mbili au tatu, akatazama majengo yake mashuhuri, akaonja vyakula vyake, kisha akarudi masomoni. Mji uliochaguliwa kuwa mfano ni Córdoba, ulioko kusini mwa Hispania kando ya mto Guadalquivir, kwa sababu wanafikra watatu waliozaliwa humo, mmoja Mrumi, mmoja Mwislamu na mmoja Myahudi, waliandika kwa kina kuhusu mambo matatu ambayo safari ya namna hiyo imejengwa juu yake, yaani kusafiri, kutazama na kula. Dai linalotetewa hapa ni kwamba msafiri wa muda mfupi anapaswa kufahamika kuwa shahidi, na kwamba thamani ya safari yake hupimwa kwa uadilifu wa ushahidi anaoutoa kuliko kwa idadi ya siku alizokaa.

Mazingira yanayoiwezesha safari hiyo yanafaa kuelezwa kwanza, kwa kuwa wepesi wake ndio unaoibua swali la maadili. Tangu mwaka 1987, Jumuiya ya Ulaya ilipoanzisha mpango wa Erasmus wa kuwawezesha wanafunzi wa vyuo vikuu kusoma kwa muda katika nchi nyingine za bara hilo, kuhama mji hadi mji kumekuwa sehemu ya maisha ya mwanafunzi wa Ulaya, na mwanafunzi wa Kiafrika anayesoma huko ameingia katika desturi hiyohiyo. Mwenye kibali cha ukaaji kilichotolewa na nchi mojawapo ya eneo la Schengen, yaani eneo la nchi zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti katika mipaka inayozitenganisha, anaweza kuitembelea Hispania bila kuomba viza nyingine, mradi asikae zaidi ya siku 90 katika kipindi cha siku 180. Reli ya mwendo kasi iliyozinduliwa mwaka 1992 kati ya Madrid na Seville hupitia Córdoba, na treni huufikia mji huo kutoka Madrid kwa muda usiofika saa mbili. Umbali ambao zamani ulimgharimu msafiri siku nyingi za vumbi na hofu ya wanyang'anyi sasa humgharimu asubuhi moja, na jambo lililopatikana kwa wepesi kiasi hicho huwa rahisi kuchukuliwa kama haki isiyodai chochote kwa anayelipata.

Wanazuoni wa dini walikwisha kutambua kwamba safari haiwezi kuhukumiwa kabla nia yake haijajulikana. Al-Ghazali, katika sehemu ya kitabu chake Ihya Ulum al-Din inayohusu adabu za safari, anazigawanya safari kwa kuangalia makusudio yake, akianza na safari ya kutafuta elimu, ambayo kwake inajumuisha kujua tabia za nafsi na kuzingatia ishara za Mwenyezi Mungu zilizoenea duniani, kisha safari ya ibada, na baadaye safari za kukimbia madhara yanayoihusu dini, mwili au mali. Kurani nayo inawaagiza watu mara kadhaa watembee katika ardhi na watazame ulivyokuwa mwisho wa waliowatangulia, hivyo kutazama mabaki ya kaumu zilizopita ni tendo lenye uzito wa kidini pale linapofanywa kwa kuzingatia. Hata hivyo, utalii, yaani safari inayofanywa kwa ajili ya starehe ya kuona na kuonja, haukutengewa sehemu ya wazi katika mgawanyo huo wa kale, na mwanafunzi anayeshuka katika kituo cha treni cha Córdoba akiwa na begi dogo mgongoni anasimama mahali ambapo elimu na starehe zimechanganyika kiasi cha kutoweza kutenganishwa kwa urahisi.

Mtu wa kwanza wa kumjibu mwanafunzi huyo ni Lucius Annaeus Seneca, aliyezaliwa Córdoba karibu na mwanzo wa enzi ya Kikristo na akapelekwa Roma angali mtoto. Seneca alikuwa wa madhehebu ya Ustoa, yaani falsafa inayofundisha kwamba heri ya mtu imo katika wema wa nafsi yake na haitegemei mambo ya nje yanayompata, na katika barua alizomwandikia rafiki yake Lucilius mwishoni mwa maisha yake alirejea mara kadhaa suala la safari. Hoja yake ni kwamba mtu aliyelemewa na huzuni, tamaa au wasiwasi hapati nafuu kwa kubadilisha mahali, kwa sababu kila aendako huenda pamoja na nafsi yake, na nafsi ndiyo iliyobeba mzigo. Anayehangaika kutoka mji hadi mji akitumaini kwamba mandhari mapya yatamtuliza hukusanya picha nyingi, lakini hekima yake haiongezeki, kwa kuwa safari peke yake haijapata kumfundisha mtu kuzuia hasira wala kutofautisha jema na baya.

Hoja hiyo ni nzito, na haipunguzwi nguvu na maendeleo ya reli wala ya simu za mkononi. Mwanafunzi anayekimbilia mji wa mbali ili asahau mtihani ulioharibika au upweke wa chumba cha bweni atagundua, usiku wa kwanza tu, kwamba upweke ulipanda treni ileile. Lakini inafaa kuangalia kwa makini kile ambacho Seneca anakikanusha na kile ambacho hakikanushi. Anakanusha kwamba safari ni dawa ya nafsi, ila hasemi kwamba macho ya msafiri hayaoni kitu chochote cha kweli. Analaumu matarajio yaliyowekwa mahali pasipostahili, na lawama hiyo haiufikii moja kwa moja utazamaji wa mtu ambaye hakwenda kujikimbia. Aidha, maneno yake yanapata uzito zaidi yanapokumbukwa maisha yake mwenyewe, kwani mwaka 41 Mfalme Claudius alimhamishia kwa nguvu kisiwa cha Corsica, akakaa huko hadi mwaka 49, na huko alilazimika kujithibitishia kwamba nafsi iliyotulia haipokonywi utulivu wake hata mwili unapopokonywa mji.

Katika jambo hilo Seneca hakuwa peke yake miongoni mwa wana wa Córdoba. Musa bin Maimun, anayejulikana Ulaya kwa jina la Maimonides, alizaliwa humo mwaka 1138, na alikuwa bado mtoto pale Wamuwahidi, watawala waliotoka Afrika Kaskazini na kuondoa uvumilivu uliokuwapo kwa Wayahudi na Wakristo, walipouteka mji mwaka 1148, na hatimaye familia yake ikahama, ikaishi kwa muda Fez, na yeye akamalizia maisha yake nchini Misri mwaka 1204. Ibn Rushd, aliyezaliwa mwaka 1126 katika ukoo wa makadhi na yeye mwenyewe akawa kadhi mkuu wa mji huo, alifikwa na hasira ya mtawala mwaka 1195, vitabu vyake vya falsafa vikachomwa moto na yeye akapelekwa Lucena, mji mdogo ulioko kusini mwa Córdoba, kabla ya kurejeshewa heshima na kufariki Marrakesh mwaka 1198. Hata Abd al-Rahman wa Kwanza, aliyeuasisi msikiti mkuu ambao ndio sababu ya wageni wengi kuja Córdoba leo, alikuwa mkimbizi wa ukoo wa Umayya aliyeponea chupuchupu baada ya Waabbasi kuupindua utawala wa jamaa zake huko Syria mwaka 750. Mji ambao mwanafunzi anautembelea kwa hiari na kuuacha kwa hiari ulijengwa na kufikiriwa na watu waliosafiri kwa kulazimishwa, na fahamu hiyo peke yake ingepaswa kumfanya mgeni auhesabu uhuru wake wa kuja na kuondoka kuwa ni neema inayodai shukrani.

Baada ya kusafiri huja kutazama, na hapa Ibn Rushd ndiye mwalimu anayestahili. Katika risala yake Fasl al-Maqal, aliyoiandika ili kueleza uhusiano wa falsafa na sharia, anajenga hoja kwamba falsafa si chochote zaidi ya kuvitazama vitu vilivyopo na kuvizingatia kwa namna ambayo vinamjulisha mtazamaji juu ya Muumba wake, na kwamba kadiri ujuzi wa kazi iliyofanywa unavyokamilika ndivyo ujuzi wa aliyeifanya unavyokamilika pia. Kwa kuwa sharia inawahimiza watu kuzingatia viumbe, anaendelea, basi utazamaji wa aina hiyo ni jambo lililoamriwa au angalau lililopendekezwa. Kutazama kwa mujibu wa Ibn Rushd si kupitisha macho juu ya kitu, bali ni kukiuliza kimetengenezwaje, kwa ajili gani na na nani, na anayekomea kwenye uzuri wa nje wa kitu amelianza tendo la kutazama bila kulimaliza.

Kanuni hiyo inaweza kujaribiwa ndani ya jengo ambalo babu yake Ibn Rushd alikuwa imamu wake. Ujenzi wa msikiti mkuu wa Córdoba ulianza mwaka 785, na mgeni anayeingia hupokewa na msitu wa nguzo, ambazo leo ni zaidi ya 850, zikiwa zimebeba matao ya ngazi mbili yenye mistari ya matofali mekundu na mawe meupe. Macho hufurahi papo hapo, na wageni wengi huinua simu kabla hawajasimama vizuri. Anayetazama kwa namna ya Ibn Rushd huuliza kwa nini matao yako mawili, moja juu ya jingine, na jibu analolipata humwonyesha akili za waliofanya kazi hiyo: nguzo nyingi za mwanzo zilichukuliwa kutoka katika majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi yaliyokwisha kubomoka, zilikuwa fupi mno kuinua paa kubwa kiasi hicho, na mafundi wakaongeza tao la pili ili kupata kimo bila kuzuia mwanga na hewa. Uzuri unaowastaajabisha wageni ulizaliwa na uhaba, na fundi ambaye jina lake halikuandikwa popote anajulikana kidogo na yule aliyeuliza.

Swali hilohilo likiendelezwa humfikisha mtazamaji mahali pagumu zaidi. Msikiti ulipanuliwa na watawala kadhaa, na upanuzi wa Al-Hakam wa Pili katika karne ya 10 uliuongezea mihrabu, yaani kidaka cha ukutani kinachoonyesha upande wa kuelekea wakati wa kuswali, iliyopambwa kwa mozaiki za vipande vya kioo na dhahabu zilizotengenezwa kwa msaada wa ufundi wa Bizanti, dola ya Kikristo ya Mashariki. Mwaka 1236 Mfalme Ferdinand wa Tatu wa Castile aliuteka mji, na msikiti ukawekwa wakfu kuwa kanisa kuu. Mwaka 1523 ukaanza ujenzi wa ukumbi mrefu wa kanisa katikati kabisa ya msitu wa nguzo, na mnara wa kuadhinia ukafunikwa ndani ya mnara wa kengele. Leo hii jengo hilo ni kanisa kuu la Kikatoliki ambamo misa huadhimishwa, Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo, na tangu mwaka 1984 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mapokeo ya mji yanasema pia kwamba kabla ya msikiti palikuwa na kanisa la Mtakatifu Vincent. Mgeni anayeridhika na picha ya matao huondoka na mapambo, ilhali mgeni aliyeuliza huondoka na historia ya watu wanaopokonyana mahali pa kumwabudia Mungu, na anatambua kwamba uzuri alioutazama ulihifadhiwa na washindi walewale walioubadilisha.

Mwanafunzi wa Kiislamu kutoka Zanzibar au Mombasa anayesimama mbele ya mihrabu hiyo na kukatazwa kurukuu hukutwa na uchungu ambao hauna sababu ya kufichwa, na mwanafunzi wa Kikristo kutoka Bukoba au Songea anayeshiriki misa umbali wa hatua chache kutoka hapo hupata furaha ambayo nayo ni halali. Swali la kimaadili ni kama kila mmoja wao anaweza kuutazama upande wa mwenzake bila kuukana wa kwake. Jambo hilo linawezekana, kwa kuwa jengo lenyewe linatoa ushahidi wa pande zote mbili kwa yeyote asiyekuja na hukumu iliyokwisha kuandikwa, na utazamaji ulio kamili, kwa kipimo cha Ibn Rushd, hauwezi kuacha nusu ya kitu kinachotazamwa. Heshima kwa mahali pa ibada, iwe kwa mavazi, kwa sauti ya chini au kwa kujizuia kupiga picha wakati watu wanaposali, inatokana na utambuzi huo kwamba kwa baadhi ya waliomo humo mahali hapo hapajawa makumbusho.

Chakula kinahesabiwa na wengi kuwa sehemu nyepesi ya safari, lakini kwa mtazamo wa dini ni nzito pengine kuliko zote, maana kinachotazamwa hubaki nje ya mtu, ilhali kinacholiwa huwa sehemu ya mwili wake. Musa bin Maimun, aliyekuwa tabibu na mwanasharia kwa pamoja, anafundisha katika sehemu ya Mishneh Torah inayohusu mwenendo kwamba mtu asile ila anapokuwa na njaa, asijaze tumbo lote bali apunguze kiasi cha robo, na asikusudie starehe ya ulimi peke yake, kwa sababu lengo la kula ni kuupa mwili afya ili nafsi iweze kumjua Mungu. Katika kitabu chake kikuu cha falsafa, Dalalat al-Hairin, anazieleza hata sheria za vyakula vilivyokatazwa kuwa na hekima zinazoweza kutafutwa kwa akili. Utamu haukataliwi na mafundisho hayo, isipokuwa unawekwa chini ya lengo, na mlaji anatakiwa ajue anakula nini na kwa nini.

Kujua anachokula mtu mjini Córdoba ni kazi yenye manufaa makubwa. Chakula kinachoupa mji huo sifa zaidi ni salmorejo, uji mzito wa baridi unaotengenezwa kwa kusaga nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, na unaofaa sana katika mji ambao joto lake la kiangazi hupita nyuzi 40 za Selsiasi. Mlaji akidhani kwamba anakula walichokula Ibn Rushd na Musa bin Maimun atakuwa amekosea, kwa sababu nyanya ilitoka Amerika na haikufika Hispania kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kilicho karibu zaidi na meza zao ni mazamorra, chakula cha rangi nyeupe kinachotumia lozi mahali pa nyanya. Bilinganya za kukaanga zinazomwagiwa asali ya miwa, ambazo nazo hupatikana karibu kila mkahawa wa mji huo, zinasimulia safari ya upande mwingine, kwa kuwa bilinganya na miwa ni mazao ya Asia yaliyoenezwa Hispania wakati wa utawala wa Waislamu, kama yalivyoenezwa pia machungwa machachu na mpunga.

Juu ya salmorejo huwekwa vipande vya yai na vya paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na mwanafunzi Mwislamu analazimika kuomba aletewe bila nyama hiyo, ombi ambalo wahudumu wamelizoea na hulitimiza bila taabu. Ombi hilo dogo linagusa historia ambayo haikuwa ndogo. Baada ya Wayahudi kufukuzwa mwaka 1492 na Waislamu wa Castile kulazimishwa kubatizwa mwaka 1502, Baraza la Kuhukumu Uzushi, yaani mahakama ya Kanisa iliyowasaka waliobatizwa ambao walishukiwa kuendelea na dini zao kwa siri, lilichukulia kukwepa nyama ya nguruwe kuwa dalili mojawapo ya hatia, na makao yake mjini Córdoba yalikuwa katika ngome ya wafalme iliyo hatua chache tu kutoka kanisa kuu. Kile ambacho katika karne ya 16 kingeweza kumfikisha mtu mbele ya mahakama, leo kinasemwa kwa sauti ya kawaida na kupokewa kwa tabasamu, na tofauti hiyo ni mojawapo ya maendeleo ya kweli ya kimaadili ambayo mgeni anaweza kuyashuhudia akiwa mezani.

Hatari inayobaki ni ya furaha yenyewe. Augustino, askofu wa Kiafrika aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, anaieleza katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo kwa kutofautisha kutumia na kufurahia: vitu vingine ni vya kutumiwa kama njia, na kimoja tu ni cha kufurahiwa kwa ajili yake chenyewe, nacho ni Mungu. Mfano anaoutoa ni wa wasafiri walio mbali na nyumbani, ambao hutekwa na uzuri wa njia na raha ya chombo kinachowachukua hata wakasahau nchi wanayoiendea, na furaha yao ikageuka kuwa kifungo. Mafundisho hayo ni makali, na yakichukuliwa bila kiasi yanaweza kumfanya mtu auchukie ulimwengu, lakini yana onyo la kweli kwa msafiri anayefurahia mji kiasi cha kuwasahau wenye mji. Anayekula kwa mtu asiyemjua hata jina, akatazama nyumba bila kujali nani anaishi ndani yake, na akaondoka akiamini kwamba kwa kulipa tiketi na bili amemaliza deni lake, ametumia watu na kufurahia vitu, kinyume kabisa na mpangilio unaostahili.

Ni deni gani, basi, ambalo fedha haziwezi kulilipa? Hapa ndipo dhana ya ushahidi inapohitajika. Katika sheria ya Kiislamu shahidi ni mtu anayetoa habari ya jambo alilolijua mwenyewe, na Ibn Rushd, katika kitabu chake cha sheria linganishi Bidayat al-Mujtahid, anaeleza kwamba Waislamu wote wanakubaliana juu ya sharti la uadilifu kwa shahidi, ingawa wanatofautiana kuhusu maana yake. Shahidi hatakiwi kuwa ameishi na jambo maisha yake yote. Anatakiwa awe ameliona na kulihifadhi, na asilizidishie wala asilipunguze. Aliyeona kwa muda mfupi anaweza kuwa shahidi kamili wa kile alichokiona, na anaharibu ushahidi wake pale tu anapodai kuwa ameona zaidi.

Ukweli wa maelezo hayo unathibitishwa na historia ya pwani ya Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 1331 Ibn Battuta, mwanasheria kijana aliyeondoka Tangier mwaka 1325 akiwa na umri wa miaka 21, alipita katika pwani hiyo na kukaa muda mfupi katika kila bandari. Mogadishu alilazwa katika nyumba ya wanafunzi na akaletewa wali uliopikwa kwa samli pamoja na vitoweo vya kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, pilipili, tangawizi na embe. Mombasa alilala usiku mmoja tu, na katika usiku huo akapata kujua kwamba wenyeji walikula zaidi ndizi na samaki, kwamba nafaka yao iliagizwa kutoka nje, na kwamba watu walinawa miguu kwenye milango ya misikiti yao. Kisha akafika Kilwa, akamsifu sultani wake kwa ukarimu. Habari hizo za mgeni aliyepita njia, ambazo sehemu yake kubwa ni habari za chakula na misikiti, ni miongoni mwa ushahidi wenye thamani zaidi uliopo kuhusu maisha ya Waswahili katika karne ya 14, na anayedharau matembezi mafupi kwa jumla atalazimika kuudharau na huo.

Hata hivyo, shahidi huyohuyo anaonyesha mipaka ya ushahidi wake. Simulizi yake aliimaliza kwenye miaka ya 1350, zaidi ya miaka 20 baada ya safari ya pwani, akimsimulia mwandishi Ibn Juzayy, aliyekuwa mwenyeji wa Granada, na katika usomaji mmoja wa maandishi hayo Kilwa yote inaelezwa kuwa mji uliojengwa kwa miti, ilhali msikiti mkuu wa mawe wenye nguzo na kuba ulikuwapo, na magofu yake yanatazamwa Kilwa Kisiwani hadi leo. Wanahistoria hawakuitupa habari yake kwa ajili hiyo. Waliipima kwa magofu, wakachukua yaliyothibitika na kuyaweka kando yenye shaka. Ndivyo ushahidi wa mgeni unavyopaswa kupokewa, na ndivyo mgeni mwenyewe anavyopaswa kuutoa, akijua kwamba utapimwa na wanaojua zaidi.

Mpaka kati ya mgeni na mwenyeji umewekwa wazi na Waswahili wanaosema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wanasheria wa Kiislamu nao wameuwekea hesabu yao, kwani Ibn Rushd anaripoti kwamba kwa Malik na Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani ya Waswahili, anayenuia kukaa siku nne mahali pamoja huacha kuwa msafiri na huswali kwa ukamilifu kama mkazi, wakati Abu Hanifa ameweka siku 15. Hesabu hizo zinatofautiana, ila zinakubaliana kwamba upo muda ambao ukipita mtu huingia katika majukumu ya mahali. Mwanafunzi wa matembezi mafupi huondoka kabla ya siku ya jembe: hajachuma zeituni katika joto la Andalusia wala hajalipa kodi ya nyumba katika mtaa ambao wageni wameupandisha bei, na hajamzika jirani. Anayajua matunda ya kazi bila kuijua kazi, na kwa hiyo hana haki ya kutamka kwamba watu wa nchi ile wako hivi au vile, ingawa ana haki kamili ya kusema kwamba siku fulani, mahali fulani, aliona jambo fulani.

Kujizuia huko hakumpunguzii mgeni heshima, kwa sababu Waswahili husema pia mgeni njoo, mwenyeji apone, wakitambua kwamba ujio wa mtu wa nje humletea mwenyeji kitu asichoweza kujipatia. Mwenyeji aliyepita mbele ya msikiti uliogeuzwa kanisa kila siku ya maisha yake huacha kuuona, na swali la mwanafunzi mgeni kuhusu tao la pili, au ombi lake la chakula kisicho na nguruwe, humrudisha mwenyeji katika historia yake mwenyewe. Kwa njia hiyo deni ambalo fedha haziwezi kulilipa hulipwa kwa maswali ya kweli, kwa kusikiliza majibu, na kwa kuyasimulia kwa haki baada ya kurudi.

Kipimo hicho lazima kiwe kimoja kwa kila anayesafiri. Wanafunzi wa Ulaya nao huja kwa siku chache Lamu, Kilwa Kisiwani na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako kanisa kuu la Kianglikana lilijengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na wenyeji huumia wanapoona pahali pa maumivu kama hayo panageuzwa mandhari ya picha. Anayedai heshima kwa mji wake hawezi kuinyima miji ya wengine, na kijana wa Kiswahili anayeutazama msikiti wa Córdoba kwa uangalifu anajipatia haki ya kumtaka kijana wa Córdoba autazame msikiti wa Kilwa kwa uangalifu uleule.

Matembezi mafupi ya kuona na kuonja, kwa hivyo, hayastahili kudharauliwa wala kutukuzwa. Hayaiponyi nafsi, na katika hilo Seneca alisema kweli. Lakini yanaweza kuwa elimu pale mtu anapotazama hadi afike kwa waliotengeneza, anapokula akijua asili ya anachokula, na anaporudi akasema alichokiona bila kuzidisha. Vijana wa Kiswahili wanaopata nafasi ya kuutembelea mji wa kigeni wasione haya kuifurahia, ila kabla ya kuondoka wasome japo kidogo habari za mji huo, wakifika waulize zaidi ya wanavyopiga picha, na wakirudi wawe waadilifu katika kusimulia, kwa sababu wapo watu ambao hawataufikia mji huo maisha yao yote na ambao watauamini au kuudharau kwa neno la aliyekaa humo siku mbili.